Dawa ya Kulinda Kumbukumbu Yazaa Kinyume

Kusahau ni jambo linalowatia hofu wazee wengi duniani. Ndiyo sababu wataalamu wa Marekani walitumaini kwamba homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi zingeweza pia kulinda akili zao.

Ili kupata hakika, walichagua wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wasio na ugonjwa wa kudhoofika akili uzeeni. Takriban nusu yao walipewa vidonge vya estrojeni na projestini; waliobaki walipewa vidonge vya kufanana navyo, lakini visivyo na dawa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Wanawake 61 walikuwa wamepatwa na ugonjwa huo: 40 katika kundi la homoni, na 21 tu katika kundi la pili. Dawa iliyotarajiwa kuwa ngao ilikuwa imeongeza hatari maradufu.

Mgonjwa huyavumilia madhara ya dawa kwa kutaraji nafuu; mzee mzima wa afya huihatarisha afya aliyo nayo. Basi, ndugu msomaji, anayekuuzia dawa ya kunoa akili hana budi kukujibu kwanza: imejaribiwa kwa akina nani, na kwa muda gani?