Mifupa ya wazee wetu: kuanguka si mwisho wa safari

Katika Sura Maryam, aya ya 3 na 4, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatusimulia jinsi Nabii Zakaria (A.S.) alivyomwomba Mola wake kwa sauti ya chini, akataja udhaifu wa mifupa yake na mvi zilizojaa kichwani mwake. Wanazuoni wa tafsiri wamebainisha kwamba mfupa umetajwa pale kwa kuwa ndio nguzo ya mwili. Nguzo ikilegea, vinavyoitegemea havina pa kushikia. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura Aal Imran, aya ya 39, inatueleza kuwa bishara ya Yahya (A.S.) ilimfikia mzee huyo akiwa amesimama mihrabuni akiswali. Mifupa imedhoofika, na bado mwenyewe amesimama. Hapo ndipo tunapotaka tuanzie.

Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, mzee akianguka na kuvunjika nyonga, maneno yanayosikika haraka ni kwamba hayo ni mambo ya uzee. Hutandikiwa kitanda, huletewa uji, huombewa dua, kisha familia husubiri. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji jirani, nchi nzima ilisimama kuwasaidia majeruhi, na ilikuwa haki yao. Bibi anayeteleza jikoni alfajiri hapigiwi mbiu. Naye ni majeruhi, na ana haki ile ile.

Maradhi yasiyobisha hodi

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Hadi kufikia miaka 30 hivi ujenzi huenda sambamba na ubomoaji au huuzidi. Baada ya hapo ubomoaji huanza kutangulia. Kwa wanawake kasi huongezeka sana baada ya kukoma hedhi. Mfupa hubaki na umbo lake kwa nje, lakini ndani hujaa matundu kama sega la nyuki lililokauka. Madaktari huiita hali hiyo ostioporosisi.

Maradhi haya hayaumi mpaka mfupa uvunjike. Sehemu zinazovunjika zaidi ni kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na nyonga. Mama aliyepungua kimo na kuanza kupinda mgongo huenda pingili zake zimebonyea kidogo kidogo, wala si uzee mtupu. Kipimo maalumu cha uzito wa mfupa hakipatikani kwa urahisi katika hospitali za wilaya, lakini ipo dalili isiyohitaji mashine: mtu aliyevuka miaka 50 akivunjika mfupa kwa kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama, mfupa huo ulikuwa tayari dhaifu. Wanaotumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa muda mrefu, wavutaji wa tumbaku na wanywaji wa pombe wako hatarini zaidi.

Mazingira yetu yana sehemu yake. Wazee wetu wa nyanda za juu za Mbulu hupanda na kushuka miteremko, na masika udongo huteleza. Kutembea huko ni neema kwa mifupa. Hatari ipo katika kuinama kwa mgongo uliopinda na kunyanyua ndoo ya lita 20. Mzigo huo ugawanywe, au abebe kijana. Aidha, maji ya baadhi ya visima vya Bonde la Ufa, mkoa wetu wa Manyara ukiwemo, yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi iliyozidi huyapa meno rangi ya kahawia, na baada ya miaka mingi hukakamaza viungo na kuharibu mifupa. Hayo ni maradhi mengine, ila mzee anaweza kuwa na yote mawili. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni salama zaidi.

Kitanda ndicho adui

Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hauawi na mfupa wenyewe. Humuua vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu inayoganda miguuni, na vyote hivyo hutokana na kulala bila kusogea. Ndiyo maana, panapowezekana, hospitali humfanyia upasuaji mapema, na siku inayofuata mtaalamu wa fiziotherapia humsimamisha kando ya kitanda. Ndugu wengi hushtuka na kuona ni ukatili. Kwa hakika ni tiba.

Huduma hiyo sasa nchini huitwa utengamao. Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang, Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, imekuwa kimbilio la wagonjwa kwa miongo mingi, na kwa kesi ngumu zaidi iko KCMC mjini Moshi, ambako wataalamu wa fiziotherapia husomeshwa. Tunawasihi ndugu zetu wasimpeleke mzee kuungwa mfupa wa nyonga kwa kukandwa na kuvutwa nyumbani kabla hajapigwa picha. Na akiruhusiwa kurudi, msitoke hospitalini bila kuuliza mambo matatu: aukanyagie mguu kwa uzito gani, afanye mazoezi yapi, na arudi lini.

Mazoezi ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Hayahitaji vifaa. Mzee ambaye hajavunjika anaweza kuanza na haya, akiwa na mtu karibu.

La kwanza ni kuinuka kitini. Kiti kiwe kigumu, kimeegemea ukuta. Ainuke na kuketi polepole mara tano, kisha aongeze hadi kumi siku zinavyokwenda. La pili ni kushika meza na kuinua visigino, akisimama kwa vidole. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi, mkono ukiwa karibu na ukuta. La nne ni kutembea kandokando ya ukuta, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. La tano ni kusimama mgongo ukigusa ukuta na kuvuta mabega nyuma.

Anayetumia mkongojo aushike kwa mkono wa upande wa pili wa mguu mbovu. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima. Akishuka atangulize ule mbovu pamoja na mkongojo.

Chakula nacho kina nafasi yake. Wataalamu wengi hupendekeza miligramu 1,000 hadi 1,200 za madini ya kalisi kwa siku kwa mtu mzima wa umri huo. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300, na katika nchi hii ya wafugaji maziwa si kitu kigeni. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani husaidia. Jua huwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Mama anayejisitiri anaweza kuketi uani, penye faragha, mikono ikiwa wazi.

Swala na saumu

Wazee wengi huona haya kuswali kwenye kiti. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn (R.A.) aswali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Anayeweza kusimama asimame kwa kisomo, kisha aketi pale asipoweza, na ishara yake ya sijida iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Rukuu ya sunna, mgongo ukiwa umenyooka, inalingana na fundisho la fiziotherapia: kunja nyonga, usipinde mgongo. Na kuegemea mikono chini wakati wa kuinuka kumepokewa katika hadithi ya Malik bin Huwayrith (R.A.), hivyo mzee asijisikie mnyonge kwa hilo.

Kwa mgonjwa aliyepewa vidonge vya alendroneti, ambavyo humezwa mara moja kwa wiki tumboni pakiwa patupu, kwa maji matupu, kisha mtu akae wima nusu saa bila kula: katika Ramadhani anaweza kuamka mapema kabla ya daku, akameza, akasubiri, ndipo ale. Amuulize daktari wake. Aliyeshindwa kabisa kufunga ana ruhusa ya fidia.

Wajibu wetu

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi. Kwetu sisi wajibu ulitangulia sera: Sura al-Israa, aya ya 23 na 24, imeshatuamuru.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na mambo madogo: vyuma vya kushikia mahali pa kutawadhia, sakafu isiyoteleza, benchi ili mzee atawadhe ameketi badala ya kuinua mguu mmoja, viti vichache safu ya pembeni, na taa njiani kwa ajili ya Alfajiri na Isha. Vijana wa madrasa wagawiwe wazee wa kuwasindikiza. Nyumbani, mikeka inayokunjamana iondolewe, ndala zilizolika zitupwe, na njia ya chooni iwe na mwanga usiku.

Kutawakali hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Tumsimamishe mzee wetu leo kwa dakika tano, kesho kwa kumi, hadi arudi safuni. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie tuwe fimbo ya kuegemea kwao kama walivyokuwa kwetu. Amin.