Mkenya akikosa baiskeli, hukimbia: utani wa mbio za baiskeli na ukweli wake pale Kisumu

Tarehe 14 Julai 2016, watazamaji wa Tour de France duniani kote waliona jambo la ajabu. Mtu aliyevaa jezi ya njano, yaani kiongozi wa mbio kubwa kuliko zote za baiskeli, alikuwa anapanda mlima wa Mont Ventoux kwa miguu. Baiskeli hana. Mtu huyo ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Mashabiki walikuwa wamejaa barabarani hadi njia ikaziba, pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama ghafla, na Froome na wenzake wawili wakaivaa. Baiskeli yake ikavunjika. Gari la timu lenye baiskeli ya akiba lilikuwa nyuma, limekwama kwenye umati uleule. Basi akaanza kukimbia na vile viatu vigumu vya kunasa kwenye pedeli, ambavyo hata kutembea navyo ni taabu.

Utani haukuchelewa kuenea: bila shaka huyu ni Mkenya, akikosa baiskeli hukimbia.

Dunia ilicheka. Lakini hapa Kenya utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake, na mahali pazuri pa kuuelewa mwiba huo ni Kisumu na mwambao wote wa ziwa. Kule baiskeli haikuanza kama mchezo. Ilikuwa kazi.

Mji wa ndiga

Wajaluo huiita baiskeli ndiga. Na neno boda boda, ambalo leo sisi wa Pwani tunalitumia kwa pikipiki bila kufikiri, lilizaliwa pande zile zile za magharibi, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walikuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi cha pili kwa baiskeli, wakinadi safari kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili. Kutoka Busia biashara hiyo ilishuka hadi Kisumu, na kwa miaka mingi baiskeli yenye mto wa sponji juu ya karia ndiyo iliyompeleka mtu Kondele, Nyalenda au soko la Kibuye. Samaki walipandishwa kutoka fukwe kama Dunga hadi sokoni kwa baiskeli. Pikipiki na tuktuk zilipoingia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 2000, wanyongaji wengi walisukumwa pembeni, lakini hawakwisha.

Kwa hiyo mtu wa Kisumu anapotazama mbio za Ulaya kwenye televisheni, hatazami kitu kigeni. Anatazama kazi anayoijua, ikifanywa na watu wanaolipwa vizuri zaidi. Ndiyo maana maswali yake huja kwa sura ya utani. Tuyachukue matatu, kwa sababu kila moja, ukilifuata, linakufikisha kwenye kiini cha mchezo wenyewe.

"Hana karia, hana abiria, anachoka na nini?"

Ni swali la haki kabisa. Baiskeli ya mbio hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8, na nyingi zinakaribia hapo hapo. Ile baiskeli nyeusi ya chuma tunayoijua sisi ina uzito karibu mara tatu ya hiyo, kabla hujapandisha abiria na gunia lake la omena.

Jibu ni kwamba mzigo wa mwenye mbio ni hewa. Kwa mwendo wa pole pole huihisi. Ukifika kilomita 40 kwa saa, ambao ndio mwendo wa wastani wa Tour de France, sehemu kubwa ya nguvu za miguu inaishia kuipasua hewa iliyo mbele yako. Anayekaa nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu ligusane na gurudumu, anaweza kuokoa theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Ndiyo sababu unaona watu zaidi ya mia moja wamebanana kama dagaa kwa saa nne, halafu wanatawanyika dakika za mwisho. Hawajalala. Wanaweka akiba.

Upepo ukija wa ubavuni ndipo mambo yanapochafuka, na hapa msomaji wa Pwani ataelewa upesi kuliko wengine. Anayejua kuendesha ngalawa anajua kwamba upepo wa ubavu hauukabili kama upepo wa omo. Waendeshaji hujipanga mshazari kuvuka barabara, kila mmoja akijikinga ubavuni mwa mwenzake. Lakini barabara ina upana wake. Wakishatimia kumi au kumi na watano, nafasi imekwisha, na waliobaki wanapigwa na upepo kwenye ukingo wa lami mmoja mmoja hadi wanakatika. Mbio nyingi zimepotezwa hivyo, kwenye barabara iliyonyooka, bila mlima wowote. Anayenyonga alasiri kwenye tambarare ya Kano kuelekea Ahero, upepo wa ziwa ukivuma kuingia bara, haitaji kueleweshwa.

"Wanane wanafanya kazi, mmoja anapewa taji"

Utani wa pili ni huu, na unauma. Siku hizi timu ya Tour de France ina watu wanane. Saba kati yao hawakuja kushinda. Wanakaa mbele kumkinga kiongozi na upepo, wanarudi nyuma kwenye gari kumletea maji, na kiongozi akipata pancha pabaya, msaidizi humpa gurudumu lake au baiskeli nzima. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huiona kama dhuluma.

Ila mnyongaji wa boda boda anaijua hesabu hii tangu zamani: mmoja anatoa jasho, mwingine anafika. Tofauti ni kwamba katika mbio msaidizi ana mkataba na mshahara wake, na kwa desturi fedha za ushindi hugawanywa timu nzima. Froome mwenyewe alipita shule hiyo. Mwaka 2012 alikuwa msaidizi wa Bradley Wiggins. Siku ya kupanda La Toussuire alionekana wazi ana nguvu kumshinda mkubwa wake, akaanza kumwacha, kisha akaamriwa kwa redio amsubiri. Alisubiri. Wiggins akatwaa taji, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata zamu ikawa yake, na akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

"Kashinda mbio bila kushinda siku hata moja"

Utani wa tatu unahusu huo huo mwaka 2017, na ni kweli tupu. Froome hakuongoza kuvuka mstari katika hatua hata moja kati ya 21, lakini alishinda mbio nzima. Jezi ya njano ni ya mwenye jumla ndogo ya saa baada ya wiki tatu. Mtu anaweza kuwa wa tano leo na wa tatu kesho, asipoteze muda siku mbaya, akamaliza juu ya wote. Ni kama mwenye duka asiyepata faida kubwa siku yoyote, lakini hana siku ya hasara.

Kuna jezi nyingine pia. Ya kijani ni ya pointi, na huwaendea wenye kasi ya mwisho. Ya madoa mekundu ni ya milima. Kwa hiyo siku moja barabarani huwa na mashindano matatu au manne ndani yake, na shabiki anayejua hilo hachoki kutazama.

Utani ukivuka mpaka

Mbio za baiskeli hazina tiketi wala ukuta. Shabiki anasimama hatua moja kutoka kwa bingwa, na ukaribu huo ndio uliozaa vituko vyake. Mjerumani mmoja amevaa vazi la shetani na kushika mkuki wa meno matatu kando ya barabara za Tour tangu miaka ya 1990. Waholanzi wameteka kona nzima ya mlima wa Alpe d'Huez na kuipaka rangi ya machungwa.

Lakini ukaribu huo huo ndio uliomvunjia Froome baiskeli. Na tarehe 26 Juni 2021, siku ya kwanza ya Tour, mwanamke mmoja aliinua bango la kuwasalimu babu na bibi yake huku amewapa mgongo waendeshaji. Mmoja alilivaa, na kundi zima likaanguka nyuma yake. Kushangilia ni haki ya shabiki. Barabara ni ya anayenyonga.

Wetu au si wetu?

Turudi kwenye mwiba. Froome alianza mbio hapa Kenya akifunzwa na David Kinjah, aliyekuwa akiwalea vijana wa baiskeli kule Kikuyu. Mwaka 2006 walivaa rangi za Kenya pamoja kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka huo huo Froome, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alitumia barua pepe ya kiongozi wa chama kujiandikisha kwenye mashindano ya dunia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwandikisha. Akaenda Austria peke yake, akaanza mbio, na mara tu akamgonga ofisa wa mashindano. Tunacheka. Lakini mtu anayelazimika kujiandikisha kwa ujanja ni mtu asiye na mlango wa kupitia. Mwaka 2008 alianza kushindana kwa leseni ya Uingereza.

Mwaka huo huo wa 2008 kuna jambo jingine, ambalo halikusemwa sana. Mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua Wakenya wawili hadi Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21. Mmoja, Zakayo Nderi, alikuwa mng'arisha viatu. Wa pili, Samwel Mwangi, alikuwa mnyongaji wa boda boda ya baiskeli Eldoret. Nderi alipanda kwa dakika 42 na ushei, muda ambao watu wa mchezo huo hawakuudharau hata kidogo. Hoja ikawa imejibiwa: miguu ipo.

Kisichokuwepo ni mbio. Mtu hajifunzi kukaa kwenye kundi, kusoma upepo na kujua lini atoke mbele kwa kufanya mazoezi peke yake. Hujifunza kwa kushindana, wiki baada ya wiki. Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji bora Kenya imepata kuwa nao, alitumia miaka yake kuwatafutia vijana wa Afrika Mashariki mashindano ya aina hiyo. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio huko Vermont, Marekani. Kazi aliyoiacha haijakamilika.

Majirani wameonyesha njia

Eritrea ina mbio karibu kila Jumapili, na mashindano yake ya kuizunguka nchi yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946. Haishangazi kwamba Biniam Girmay, kijana wa Asmara, alishinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kurudi na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Miaka miwili kabla ya hapo, Mei 2022, alishinda hatua ya Giro d'Italia, na alipokuwa akifungua chupa ya sherehe kizibo kikamruka jichoni, akalazimika kujitoa. Hata hilo mashabiki walilifanyia utani, baada ya kusikia jicho limepona.

Rwanda nayo ilianza na watu wa ndiga. Baadhi ya waendeshaji wa mwanzo wa timu yake ya taifa walikuwa wabeba abiria na wabeba viazi. Wakawekewa mbio, Tour du Rwanda ikapata hadhi ya kimataifa mwaka 2009, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia. Siku ya mwisho wanaume walinyonga kilomita 267.5 juu na chini ya vilima. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Watu walijaa kando ya barabara, na watoto walipanda kingo za vilima ili waone vizuri.

Kigali si mbali. Ni mwendo wa basi kutoka Kisumu kupitia Busia na Kampala.

Basi hapo ndipo utani wa ziwani unapotufikisha. Michezo ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba. Kisumu ina tambarare ya kwenda Ahero, ina mpando wa Riat, ina upepo wa ziwa na ina vijana waliokulia juu ya karia. Haihitaji uwanja wa mabilioni. Inahitaji barabara kufungwa saa tatu za Jumapili asubuhi, ambulansi moja, helmeti kwa kila mshiriki, mtu mwenye saa, na Jumapili inayofuata iwe vivyo hivyo. Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zinaweza, na upepo wa kusi hautozi kodi.

Siku mnyongaji wa Kondele atakapoandikishwa na chama chake mwenyewe, bila kuazima barua pepe ya mtu, akikosa baiskeli mlimani gari la timu litakuwa nyuma yake na nyingine ya akiba. Hatahitaji kukimbia.