Mwangaza katika Majengo ya Umma Wakati wa Amri ya Giza: Mfano wa Uingereza, 1939–1945

Uingereza ilianza kutekeleza amri ya giza tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya kutangaza vita dhidi ya Ujerumani. Lengo lilikuwa kuwanyima marubani wa adui alama za kuitambua miji usiku. Nyumba ya kawaida ilitimiza sharti hilo kwa mapazia mazito. Majengo ya umma yalikuwa na ugumu zaidi, kwa kuwa watu huingia na kutoka humo mfululizo, na kila mlango unapofunguliwa nuru huvuja. Hivyo basi, tatizo la msingi halikuwa kuzima taa, bali kuitenga nuru ya ndani na giza la nje.

Njia ya kwanza ilikuwa kujenga kisebule chenye milango au mapazia mawili, ambapo la kwanza hufungwa kabla ya la pili kufunguliwa. Njia ya pili, iliyotumika hasa viwandani, ilikuwa kupaka vioo vya paa rangi nyeusi. Kwa kuwa rangi haiwezi kubanduliwa kila asubuhi, wafanyakazi walikosa mwanga wa jua hata mchana.

Njia ya tatu ilikuwa kufifiza taa, wakati mwingine kwa kuzitia rangi ya buluu. Hata hivyo, jicho lililozoea giza huihisi buluu kuliko nyekundu; kwa hiyo taa iliyomtaabisha msomaji ingeweza kuonekana na mtazamaji aliye angani. Aidha, jicho huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Aliyetoka ghafla katika ukumbi wenye nuru kali alikuwa karibu kipofu barabarani. Mwaka 1941 vifo vya barabarani nchini humo vilizidi 9,000, ingawa petroli iligawiwa kwa mgawo.

Baadhi ya taasisi zilibadili saa badala ya taa. Kuanzia tarehe 10 Oktoba 1939, mpiga piano Myra Hess aliandaa matamasha ya adhuhuri katika National Gallery, London, wakati kumbi nyingi za jioni zilikuwa zimefungwa.

Amri hiyo ililegezwa Septemba 1944. Mfano huu unadhihirisha kwamba usalama wa mwangaza wa jengo haupimwi kwa nuru inayofichwa tu, bali pia kwa hali ya mtu anayevuka kizingiti chake kuelekea gizani.