Je, Wajua? Gari la Umeme Likiwa Bado Njiani Kuja Isingiro

Je, wajua kwamba gari la kwanza duniani kuvuka kasi ya kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme? Ilikuwa tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris. Dereva alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, na gari lake liliitwa La Jamais Contente. Petroli ilikuwa bado inajikongoja.

Je, wajua kwamba mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari mengi ya umeme kuliko ya petroli? Ya mvuke ndiyo yaliyoongoza. Hata Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, alikuwa na gari la umeme aina ya Detroit Electric. Petroli ilipata nguvu zaidi mwaka 1912, Cadillac ilipofunga stata ya umeme na kuwaondolea madereva adha ya kupiga hendeli. Kwa hiyo kilichoiokoa petroli ni mota ya umeme, jambo ambalo wauza mafuta hawalisemi sana.

Wajua kwamba Uganda, ambayo watu wa Isingiro ya Kyerwa, Tanzania, wanaifikia kwa kuvuka mto tu, iliunda gari lake la umeme tangu 2011? Kiira EV, la viti viwili, lilijaribiwa Chuo Kikuu cha Makerere Novemba mwaka huo. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa.

Na wajua kwamba Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024? Huko swali la kununua la umeme au la mafuta limeshajibiwa na serikali.

Je, wajua kwamba Isingiro ziko mbili? Kuna kata ya Isingiro wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na kuna wilaya nzima ya Isingiro upande wa Uganda. Katikati unapita Mto Kagera, na mto huo huo umefungwa mitambo ya umeme pale Murongo na Kikagati, takribani megawati 14. Juu zaidi, maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Wakati huo huo, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imewashiwa taa na umeme unaotoka Masaka, Uganda, kwa sababu gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Anayetaka gari la umeme huku ajue kwanza kwamba mafuta yake yanatoka mtoni, na mengine yamekuwa yakivuka mpaka bila pasipoti.

Wajua kwamba Kagera ina madini ya betri? Kabanga, Ngara, kuna nikeli iliyogunduliwa miaka ya 1970, na Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kuichimba ikiwa na hisa asilimia 16. Kyerwa yenyewe inachimba bati tangu enzi za mkoloni, na bati ndilo linalounganisha vifaa kwenye kila saketi ya gari la umeme. Ila usijidanganye kwamba kila betri ina nikeli ndani yake. Zile za chuma na fosfeti, zinazojulikana kwa kifupi cha LFP na kupendwa na Wachina, hazina nikeli wala kobalti hata chembe.

Tofauti hiyo ina maana nyumbani pia. Betri ya nikeli haipendi kushindiliwa hadi asilimia 100 kila siku. 80 inatosha kwa mizunguko ya kawaida. Ya LFP, kinyume chake, watengenezaji wengi wanashauri uijaze mpaka juu angalau mara moja kwa wiki ili mita yake isome sawasawa. Muulize muuzaji ni betri ya aina gani kabla ya kumuuliza rangi.

Je, wajua kuhusu foleni ndefu kweli kweli? Tesla ilipofungua maombi ya Model 3 tarehe 31 Machi 2016, watu zaidi ya 300,000 walilipa dola 1,000 kila mmoja ndani ya wiki moja. Magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa Julai 2017. Anayesubiri gari lake kwa meli kutoka Yokohama kwa wiki tano au sita hana sababu ya kununa.

Lakini meli siyo tatizo. Tatizo ni Dar es Salaam hadi Kyerwa, safari inayozidi kilomita 1,400. Gari la petroli huletwa na dereva wa IT, yule wa kupeleka magari yatokayo bandarini, anaokota abiria njiani, keshokutwa lipo Omurushaka, Karagwe. La umeme la bei ya kawaida, tuseme Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya kilowati-saa 24, huenda kilomita 120 likiwa na afya nzuri. Piga hesabu: vituo visivyopungua 11 vya kuchaji, na kwenye soketi ya nyumba ya wageni kila kituo ni usiku mzima. Hapo tegemea lori. Weka gharama ya kulibeba kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na omba lisafirishwe betri ikiwa nusu, maana lithiamu haipendi kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni au ikiwa tupu.

Je, wajua kusoma uzee wa Leaf? Kwenye dashibodi, pembeni kabisa kulia, kuna vipande 12 vidogo vilivyopangwa wima. Hivyo siyo chaji, ni afya ya betri. Kipande cha kwanza kikizimika, betri imeshapoteza takribani asilimia 15 ya uwezo wake. Vinavyofuata hupungua takribani 6 kila kimoja. Lenye vipande vinane limebaki na thuluthi mbili za uwezo wake wa ujana. Picha ya dashibodi inayotumwa na muuzaji lazima ionyeshe pembe hiyo; ikikatwa, ujue imekatwa makusudi. Na wapo wajanja wanaoirudisha mita ili vipande vyote viwake kwa muda, kwa hiyo omba pia majibu ya programu ya LeafSpy, ambayo huongea na kompyuta ya betri moja kwa moja.

Wajua kwamba plagi zina uraia? Magari ya Japani huchajiwa haraka kwa CHAdeMO, ya Ulaya kwa CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la China kwa GB/T. Ukinunua la China lililokuwa la Wachina, omba adapta papo hapo. Ukilinunua Kigali, jua pia kwamba usukani huwa kushoto, kwa kuwa Rwanda wanaendesha upande wa kulia.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo pa kukaa. Je, wajua kwamba chaja inaweza kugoma kabisa hata kama umeme upo, taa zinawaka na redio inaimba? Kabla ya kuruhusu umeme kupita, chaja hukagua waya wa ethi. Nyumba nyingi za vijijini zina soketi ya matundu matatu lakini tundu la juu halijaungwa popote: fimbo ya ethi haikuchimbiwa, au ilichimbiwa na waya ukang'olewa na mtu aliyehitaji shaba. Redio haijali. Chaja inawasha taa nyekundu na inakaa kimya. Basi wakati gari lingali baharini, mwite fundi apime ethi, avute laini ya peke yake kutoka meinswichi kwa waya mnene kuliko ule wa milimita za mraba 2.5, na aweke breka yake. Ekstensheni ya sokoni inayoendesha pasi kwa dakika 10 haitavumilia saa tisa mfululizo. Itayeyuka mahali ambapo hukuwa unaangalia. Ningeambiwa nichague kimoja cha kununua kwanza, ningenunua fimbo ya ethi kabla ya kulipa hata arbuni ya gari.

Waya unaokuja na gari kutoka Japani nao una mambo yake. Nyumba za kule zinatumia volti 100, na za kuchajia gari 200. Sisi ni 230. Soma kibandiko chake kabla fundi hajakata plagi.

Wajua kwamba gari linaweza kukutoa kwenye umeme wa bei nafuu? Kwa bei za TANESCO zilizopangwa 2016 na kudumu miaka mingi, mteja wa D1, yaani mtumiaji mdogo wa nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila inayozidi ni 350 kabla ya kodi. Gari dogo hula takribani uniti 15 kwa kilomita 100. Uniti zote 75 ni kilomita 500, na hapo hujawasha taa. Mteja wa T1, wa matumizi ya kawaida, hulipa 292, yaani kama 356 ukijumlisha kodi na tozo, hivyo kilomita 100 ni kama shilingi 5,300. Gari la petroli linalokula lita saba, lita ikiwa shilingi 3,000, linakunywa 21,000.

Je, wajua kwamba vilima vya Karagwe ni rafiki wa gari hili? Injini ya petroli hupungukiwa nguvu kadiri unavyopanda juu kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haivuti hewa. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme betrini, na breki zinakaa miaka. Matairi ndiyo yanayolia, kwa sababu gari ni zito.

Wajua kwamba halina sauti? Mwaka 2019 Ulaya ilianza kulazimisha modeli mpya za magari ya umeme zitoe mlio zikiwa kwenye mwendo mdogo. Baadhi ya magari ya zamani zaidi hayana mlio huo, na mbuzi wa Kyerwa hawajazoea gari lisilonguruma. Piga honi.

Na wajua kitakachowahi kufika Isingiro kabla ya gari? Yaelekea ni pikipiki. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama siyo ya umeme, na dereva hachaji: anabadilisha betri kituoni kwa dakika chache, anaondoka.

La mwisho: je, wajua kwamba gari lenye betri ya volti mia kadhaa linaweza kushindwa kuwaka kwa sababu ya betri ndogo ya volti 12, ile ile ya kawaida? Ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikifa, milango inaweza kugoma na chaji yote iliyopo haikusaidii. Linabustiwa na Probox ya jirani kama gari lolote. Ila Probox ikizima kesho yake na jirani akaja na waya zake, mkatalie kwa upole: la umeme halikuundwa kubusti wengine.