Kishikwambi au Kifaa cha Kusomea Vitabu? Tutazame Kwanza Kusudio

WAZAZI wengi huuliza: fedha iliyopo yatosha kununua chombo kimoja tu, nasi tunataka watoto wasome. Je, kinunuliwe kishikwambi, au kile kifaa maalumu cha kusomea vitabu, mfano wa Kindle? Muuzaji dukani atajibu kwa kutaja bei na wingi wa kazi. Wanazuoni wa fiq'hi wametuwekea kipimo kilicho bora zaidi, nacho ni kuyahukumu mambo kwa makusudio yake. Basi na tuanzie hapo.

Vyombo hivi viwili vyafanana kwa umbo lakini vyatofautiana kwa asili. Kishikwambi, kama vile vilivyotumika Tanzania katika Sensa ya Agosti 2022, kina kioo kinachotoa mwanga, sawa na simu. Kifaa cha kusomea hutumia wino wa kielektroniki, uvumbuzi ulioanzia chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1990. Ndani ya kioo chake mna vidonge vidogo mno, vyenye chembe nyeupe na nyeusi ambazo umeme huzivuta pande tofauti. Nyeusi zikipanda, herufi huonekana kama iliyopigwa chapa. Ukurasa ukishatulia hauhitaji umeme tena mpaka ufunuliwe mwingine.

Asili hiyo huleta faida tatu. Kwanza, chaji ya betri hudumu kwa wiki kadhaa, ilhali ya kishikwambi aghalabu huisha kwa saa 10 hivi za matumizi. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika, hilo si jambo dogo. Pili, maandishi husomeka vyema hata juani, mahali ambapo kioo cha kishikwambi humwakisia msomaji uso wake mwenyewe.

Tatu ni usingizi. Utafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watu 12 waliosoma kabla ya kulala, mara kwa iPad na mara kwa kitabu cha karatasi. Waliposoma kwa iPad walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10, na homoni inayouandaa mwili kwa usingizi ilipungua kwa zaidi ya nusu. Watu 12 ni wachache, na mwanga wa iPad hizo uliwekwa mkali kabisa. Hata hivyo, mzazi anayetaka mwanawe aamke Alfajiri ana la kuzingatia hapo. Vifaa vingi vya kusomea vya siku hizi navyo vina taa, lakini huweza kupunguzwa au kuzimwa, na kitabu kikasomwa kwa taa ya chumbani.

Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote imo katika moyo wa msomaji. Kifaa cha kusomea ni fukara. Hakikuundwa kwa video wala michezo, na kivinjari chake, pale kilipo, ni kizito na cha kuchosha. Ufukara huo ndio utajiri wake. Mtoto aliyefika ukurasa wa kumi hana pa kukimbilia ila ukurasa wa kumi na moja. Katika kishikwambi, kitabu hukaa jirani na ujumbe, mpira na katuni, na kila mmoja wao hubisha hodi. Subira ya kukaa na kitabu hadi mwisho ni malezi, na malezi hayo ni mazito kutimia katika nyumba yenye milango mingi.

Uadilifu wataka tuseme na upande wa pili. Vitabu vingi vya Kiarabu vya wanazuoni wa kale hupatikana kama picha za kurasa katika faili za PDF. Kwenye kioo cha inchi 6 herufi zake huwa ndogo mno, ilhali kishikwambi cha inchi 10 huzionesha vizuri. Msahafu wenye rangi za tajwidi hupoteza rangi hizo katika kifaa cha nyeusi na nyeupe. Anayehifadhi huhitaji pia kumsikia qari, na mwanafunzi huhitaji intaneti kwa utafiti na kujaza fomu. Katika hayo yote kishikwambi ndicho kifaacho.

Lipo pia suala la milki, nalo lahusu vyombo vyote viwili. Fiq'hi hutenganisha kumiliki kitu chenyewe na kumiliki manufaa yake, na vitabu vingi vya kielektroniki huuzwa kwa namna ya pili. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta katika Kindle za wateja vitabu viwili vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Iliwarudishia fedha na kuomba radhi. Februari 2025 ikaondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kitabu cha karatasi hurithiwa na huwekwa wakfu. Hiki aghalabu sivyo.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kusudio ni kumzoeza mtoto kusoma vitabu vya maandishi, nunua kifaa cha kusomea, baada ya kuhakikisha kwamba vitabu unavyovitaka vimo katika duka lake, kwani vya Kiswahili ni vichache mno vikilinganishwa na vya Kiingereza. Ikiwa ni PDF, sauti na intaneti, nunua kishikwambi, lakini kiwe cha nyumba nzima, kikae sebuleni, milio yake inyamazishwe, na usiku kisilale chumbani kwa watoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.