Nani Atamgeuza Bibi Usiku?

Kasumulu, wilayani Kyela mpakani na Malawi, kunakucha na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka Mto Songwe. Wabadilisha fedha wanaita wateja, shilingi mkono huu na kwacha mkono ule. Vijana wengi wa Kyela wanatafuta riziki hapo, na wengine wamekwenda mbali zaidi, Mbeya, Dar es Salaam hata Malawi. Nyumbani, kati ya migomba na mikakao, amebaki bibi. Mwana anatuma fedha kwa simu, lakini simu haimwogeshi mtu.

Mzee aliyepooza hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya nyonga na mgongo huchubuka ikawa kidonda. Uji analishwa kijiko kwa kijiko, kichwa kimeinuliwa asije akapaliwa. Mkwe mmoja anayelima mpunga kutwa hawezi kazi hiyo peke yake, hata awe na huruma kiasi gani.

Serikali ina makazi ya wazee, kama Nunge jijini Dar es Salaam na Kolandoto mkoani Shinyanga, lakini hayo ni ya wasiojiweza na wasio na ndugu. Sensa ya 2022 ilihesabu takribani watu milioni 3.5 wenye miaka 60 na zaidi. Makazi hayo hayawezi kuwatosha, ndiyo maana ubia unastahili kufikiriwa. Tanzania ina sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi tangu 2010. Kwa makao ya wazee, halmashauri ingetoa ardhi, mbia angejenga na kuendesha. Familia zenye uwezo zingechangia, wasiojiweza wangelipiwa na serikali.

Si jambo geni. Hospitali teule nyingi ni za makanisa, lakini huhudumia umma kwa makubaliano na serikali. Huko Welezo, Unguja, tangu enzi za ukoloni masista Wakatoliki waliwatunza maskini na wagonjwa wa ukoma kwa msaada wa fedha za serikali. Kyela nako, kwenye ufukwe wa Matema, ipo hospitali ya Kilutheri: mbia wa namna hiyo hahitaji kutafutwa mbali.

Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, walikuwa na vijiji vya rika, alivyovieleza mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake cha 1951. Wavulana walijenga kijiji chao, wakaoa humo, wakazeeka pamoja. Kwa hiyo makao yatakayomtenga mzee na rika lake hayatamfaa, hata yakiwa na vigae sakafuni. Yawe Kyela kwenyewe, Kinyakyusa kisikike humo, na majirani waingie kusalimia.

Kujenga ndiyo sehemu nyepesi. Gumu ni mishahara ya wauguzi mwaka wa kumi, wakati utepe wa uzinduzi umeshasahaulika. Kabla ya jiwe la msingi, viongozi wa Kyela waandike kwenye mkataba idadi ya wahudumu watakaokesha kila usiku, na tarehe ambayo fedha za wasiojiweza zitalipwa kila mwezi.