Uzi Unaoelea Haukubali Rangi

Chomoa uzi mmoja wa kapeti la gari, pale chini ya kiti pasipoonekana. Utie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uubonyeze kwa kijiti mpaka mapovu yaishe, kisha uuachie. Ukiibuka na kuelea, kopo la rangi ulilonunua kwa ajili ya kapeti hilo lirudishe dukani.

Uzi huo ni wa polipropilini, plastiki ileile inayofumwa magunia ya mchele. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 0.9 tu, pungufu ya maji. Molekuli zake ni kaboni na haidrojeni tupu. Hazina pa kuishika rangi. Kiwandani rangi huchanganywa na plastiki ikiwa bado uji wa moto, kabla ya kuvutwa nyuzi. Ndiyo maana haichuji, na ndiyo maana nyumbani huiwezi.

Ukizama, usishangilie bado. Chukua maji mengine, yakoroge na chumvi mpaka igome kuyeyuka, ujaribu tena. Nailoni (gramu 1.14) itaelea humo. Poliesta (1.38) itazama palepale, nayo ni kaidi: viwandani hupikwa kwenye mitungi yenye presha, nyuzijoto 130 hivi. Sufuria ya nani inafika huko?

Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers, ndiyo ya kufanyia kazi. Ncha za molekuli zake zina naitrojeni ambayo, ikikutana na siki, hupata chaji chanya. Rangi za asidi zina chaji hasi, basi zinavutana na kushikana. Joto nalo lazima: maji yanayokaribia kuchemka hulegeza nyuzi, rangi ikapenya hadi ndani badala ya kukaa juu na kuhamia kwenye suruali yako nyeupe. Kwa hiyo kapeti ling'olewe na kufuliwa kwanza. Wanaopulizia ndani ya gari wanapaka vumbi rangi.

Viti vya ngozi bandia vina habari nyingine. Rangi yake ya kupuliza ina vimumunyisho vinavyolainisha kidogo uso wa PVC, plastiki ya ngozi hiyo, ili rangi na plastiki vigandane. Milango iwe wazi, kiberiti mbali. Adui hapo ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi: silikoni yake huikataa rangi, ikajikunja na kuacha vitundu. Nusu ya kazi, kwa maoni yangu zaidi ya nusu, ni kusugua kwa sabuni na spiriti. Usukani na pedali nisingezigusa kabisa; utelezi pale ni ajali.

Na kabla ya kuchagua rangi, kumbuka kwamba ile ya nyuzi haifuniki iliyokuwepo, inaongezea tu. Kapeti la kijivu litakubali kuwa jeusi. Jeusi halitakuwa krimu hata ulipike wiki nzima.